Isipokuwa

Kifungu cha tano, aya ya pili, kilisema hivi:
banda lisilozidi futi za mraba mia mbili
halihitaji kibali.
Nilikisoma kwenye simu, asubuhi moja ya Machi,
kwa Orrin Pruitt wa Mtaa wa Kinu,
nikakisoma kwa sauti ya mtu anayegawa peremende.
"Jenga tu," nikamwambia. "Hata karatasi usijisumbue nayo."
Akacheka. Nami nikacheka. Nikarudi kwenye kahawa yangu.

Kwenye kabati la pili, faili la kijani,
tulikuwa na ahadi nyingine, ilitiwa saini na meya
aliyekufa kabla sijaajiriwa:
kwamba ndani ya mstari wa mafuriko
hakuna kitakachosimama bila kibali,
si nyumba, si ua, si kifusi cha udongo,
ndipo nasi turuhusiwe kununua bima.
Mafaili mawili, makabati mawili, chumba kimoja.
Miaka kumi na tisa nimeyapangusa vumbi
wala sikuwahi kuyakutanisha.

Mto Tansey hausomi aya.
Mwezi Mei ulipanda hadi dirisha la kinyozi,
ukaling'oa banda la Orrin zimazima,
na paa lake, na mashine ya nyasi, na mtungi wa gesi,
ukalibeba kwa adabu, kama mpagazi na sanduku la tajiri,
ukalibamiza kwenye ukuta wa Lucinda Haverty
mara moja. Mara ya pili.
Mara ya tatu ukuta ukakubali.

Lucinda hakufa. Naliandika hili mapema
kwa sababu mimi, usiku ule, nilichelewa kuambiwa.
Walimkuta juu ya mashine ya kufulia
amemkumbatia paka asiye wake.

Kisha akaja mkaguzi, buti za mpira, ramani kwapani.
"Kibali cha banda hili kiko wapi?"
Nikamwonyesha kifungu cha tano.
Akanionyesha faili la kijani.
Tukatazamana kama wakwe waliogundua wanadaiana.
Akasema, bila ukali, na hilo ndilo lililouma:
mji unaosamehe usichoruhusiwa kusamehe
huweza kutolewa kwenye bima, mji wote,
kuanzia kinyozi hadi kanisa.

Baraza likakaa Julai, feni zikikoroga joto lilelile.
Diwani Thorvald Beck akagonga meza:
"Kesho mtataka kibali cha banda la kuku!"
Ndiyo, Thorvald, nikajibu moyoni. Kuku huelea vibaya.
Ikaongezwa sentensi moja. Niliichapa mwenyewe:
isipokuwa katika ardhi iliyo ndani ya mstari wa mafuriko,
ambako msamaha huu hautumiki, hata kwa futi moja.
Kura nne kwa moja.

Isipokuwa. Silabi tano.
Zingeingia kwenye simu ile ya Machi
bila kunimaliza pumzi.

Septemba Orrin akaja na mchoro
nyuma ya karatasi ya kalenda iliyopita:
banda jipya, dogo kuliko la kwanza,
limefungwa kwa boliti nne kwenye zege,
na huku chini, kushoto na kulia, matundu.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyolelewa.
Kanuni hii yataka kinyume chake:
acha tundu huku, acha tundu kule,
shubiri moja kutoka ardhini,
maji yaingie, yatoke, yaende zao,
ukuta ubaki.

Akahesabu dola ishirini na tano, za sarafu tatu.
Nilingoja aulize kuhusu simu ile.
Aliuliza kama kalamu ile ni yake au yangu.
Nikapiga mhuri. Nikapiga tena;
wa kwanza haukushika wino.