Mikono ya Golikipa

Mezani kwetu, Duluth, mwezi wa pili,
barua za vyuo zimelala kando ya mkate.
Aili anazipanga, anazipangua,
kama achezaye karata na nafsi yake.
Nje ziwa limeganda hadi macho yanapokoma,
na gari langu la kukwangua theluji linanguruma tu,
maana nikilizima haliwaki tena.

Binti yangu ni golikipa wa hoki.
Tangu ana miaka sita husimama mbele ya wavu
akingoja kisahani kigumu kije kama risasi.
Na tangu kumi na mitatu huniuliza,
tukirudi usiku, viatu vya barafu vikinuka kiti cha nyuma:
"Baba, bao asiloliona refa, ni bao?"
Nami humjibu: "Funga mkanda."

Tulianza na chuo kikubwa, kusini.
Uwanja wa kuumeza mtaa wetu na chenji ikabaki,
taulo zimekunjwa, kila moja na namba yake.
Kocha Lemke alimpima mabega kwa macho.
"Falsafa? Haina neno.
Ila darasa lao ni saa nane,
na saa nane ni mazoezi."

Cha pili kilikuwa cha mawe na kimya.
Maktabani koti langu lilipiga kelele peke yake.
Mama mmoja mpole akatuonyesha chumba
walimobishania roho kwa miaka mia moja.
"Na barafu?" Aili akauliza.
Akatazama dirishani, theluji ikianguka:
"Ipo tele, mwanangu."

Watu husema mshika mawili moja humponyoka.
Watu hao hawajamwona golikipa:
kushoto glavu pana ya kudakia,
kulia ngao, na gongo.
Mwondolee mmoja, hujampunguzia mzigo,
umemfungulia adui mlango.

Cha tatu kiko Wisconsin, katikati ya ng'ombe.
Paa la uwanja linavuja.
Ubao wa mabao una taa zilizokufa,
nane husomeka tatu, na wenyeji wamezoea.
Profesa Ostrander alikuja na buti za mvua,
akaketi benchi la wachezaji, akala tufaha.
Aili akamtupia swali lake la miaka yote.
Mzee hakujibu. Akatafuna, akameza.
"Na wewe uliyefungwa," akauliza, "ulijua?"

Maili tisini hakunena neno.
Tulipoliona daraja la Superior akasema,
"Nilijua. Mara mbili.
Moja ilikuwa fainali. Refa alinitazama,
nikamwangalia hivi hivi, nikanyamaza."
Kombe lile liko sebuleni kwetu.
Mimi ndiye hulifuta vumbi.
Sikumwambia afunge mkanda.

Hajachagua bado.
Ila barua ya Wisconsin imehama,
sasa iko chini ya kikombe chake,
ina duara la kahawa pembeni ya tarakimu:
msaada wanaotoa, na pengo linalobaki.
Pengo lile nimelihesabu kwa vidole, kwa kalamu,
kwa saa za ziada barabarani.

Usiku huu redio inatabiri futi mbili za theluji.
Miaka ishirini na minne nimeilaani.
Leo nimesimama mlangoni, kofia mkononi,
naiambia ije,
na ikifika, isikome upesi.