Kichupa cha Saba

Vasemaca wa Yasawa anauliza, maji yakimfika magotini:
"Huu wa kahawia mnautakia nini?
Sisi hula huu wa kijani,
wenye punje kama ushanga,
kwa tui na ndimu.
Kwa ule mwekundu mama alinifunga kidonda."

Mtafiti kutoka Suva anaandika. Daftari limeloa.

Maabarani mwani unasagwa, unachujwa,
unakuwa matone,
matone yanakuwa namba,
na usiku wa kuamkia Jumapili
kichupa cha saba kinawaua vijidudu
walioishinda dawa ya hospitali.

Anampigia simu.
"Ni upi?"
"Ule wa kahawia, bibi."

Kimya. Mawimbi yanasikika.

"Kumbe ndio huo
niliokuwa nikiukanyaga miaka hamsini
nikienda kuchuma mwenzake."