Tenki Namba Kumi na Tisa

Saa kumi na moja na nusu, kabla taa hazijawaka,
nafika kilimani na ndoo mbili za maji ya kuchuja.
Kisima chetu kina chumvi. Sisi tumekunywa tukakua,
samaki hawa hawataweza.

Mama huniuliza kila Jumapili kwenye simu:
"Hao samaki wenu mnawavua wapi,
na mito ya huku yote ni mchanga?"
Hawavuliwi, mama. Wanazaliwa kwenye vioo.
"Wakubwa?"
Hawafiki njiti ya kiberiti.
"Sasa hapo mtu anakula nini?"
Hawaliwi.
Ananyamaza. Halafu: "Haya. Serikali ina hela."

Taa zikiwaka, tenki zinaamka.
Naondoa kizuizi kati ya dume na jike,
na kabla chai yangu haijapoa
mayai yamejaa chini, madogo kuliko punje ya uwele,
meupe, na ndani ya kila moja
kuna mtu anajikunja.
Nasema mtu. Daktari Ndahani hunisahihisha: kiinitete.

Siku ya pili anakaa kwenye hadubini,
amebana pumzi, sindano ya kioo mkononi,
nyembamba kuliko unywele.
Anawatia chembe za saratani zilizotiwa rangi nyekundu,
zilizotoka kwenye kongosho la mtu nisiyemjua.
Kisha tunangoja tuone nyekundu itakwenda wapi.

Shuleni kongosho lilikuwa swali la alama mbili.
Taja lilipo. Taja kazi yake.
Nilipata zote mbili.

Baba alilima zabibu Hombolo.
Mgongo ukamuuma, wakasema ni jembe.
Sukari ikapanda, wakasema ni umri.
Suruali ikamvuka, wakasema ana mawazo.
Macho yalipogeuka manjano kama ganda la papai
ndipo wakasema: mpelekeni akapigwe picha.
Picha ilitoka Alhamisi.
Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.
Mwaka ule yeye alivuna mara moja.

Wanaitwa samaki pundamilia,
lakini wa tenki namba kumi na tisa hawana mistari.
Wamezalishwa hivyo, kizazi juu ya kizazi,
mpaka ngozi ikasahau rangi.
Nikiwamulika naona moyo, naona utumbo,
naona chakula nilichowapa jana kikiteremka.
Baba hakuwa wa kioo.
Alikuwa mweusi, mrefu, shati la kaki limefungwa hadi juu,
na ukimwuliza hali anasema nzuri.

Wiki iliyopita, dawa ya tatu.
Viluwiluwi sitini.
Kwa arobaini na mmoja nyekundu ilitambaa hadi mkiani.
Kwa kumi na tisa ilikaa palepale, kama imeambiwa subiri.
Niliruka. Nilimwaga chai kwenye daftari.
Ndahani hakuruka.
"Samaki si mtu," akasema. "Rudia."
Akafuta chai kwa mkono wa koti lake jeupe,
akaitazama ile namba muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Narudia.

Usiku umeme ukikatika, mlinzi Chedego hunipigia
kabla hajawasha jenereta, nami namwambia:
washa kwanza, ndipo upige!
Anacheka. Anasema samaki wangu wana bahati,
kwake mtaani giza halina jenereta.
Sina la kumjibu.

Waliomaliza kazi tunawalaza kwa dawa ya usingizi.
Sheria inataka wahesabiwe. Nawahesabu.
Kisha nawahesabu tena, hiyo si sheria.
Maji safi yaliyobaki namwagia mche wa mzabibu
nilioupanda nyuma ya stoo bila ruhusa.
Una majani manne. Mbuzi amekula la tano.

Jumapili simu inaita.
"Hao samaki wenu," anasema mama,
sauti yake leo haina utani,
"wamesemaje kuhusu ule ugonjwa?"
Nabadilisha simu sikio.
Bado, mama.
"Bado," anarudia, taratibu,
kama mtu anayeonja kitu kwanza kabla hajakimeza.
Kisha ananiuliza kama nimekula.