Herufi Mbili

Kwenye ubao wa darasa la sita, Barani,
nimeandika neno dogo kuliko yote niyajuayo:
NI.
"Mwalimu, hilo nalo ni neno zima?" auliza Nyevu.
Zima, nasema. Limewahi kugawa meza.
Hawakuelewa. Ilikuwa Ijumaa, jua limeng'ata mabati.

Nyumbani kwangu Muyeye
Umazi, mke wangu, Mkatoliki tangu tumboni,
apitapo mbele ya taa nyekundu ya tabernakulo
goti lake hushuka lenyewe, kama ndoo ijuayo kisima.
Kwake mkate ukishanenewa si mkate tena:
sura imebaki, ladha imebaki,
mpangaji kahama akaacha mapazia dirishani,
na aliyemo ndani sasa ni Mwenye Nyumba.

Gathuku, mwanyumba wangu, mzee wa kanisa la Presbiteri,
auza miwani nyuma ya soko.
"Mwili wake uko kuume kwa Baba," husema,
"mwili hauwi mahali pawili.
Roho ndiye atunyanyuaye, tukamla huko aliko."
Simcheki. Nimemwona akilia
mbele ya huo mkate auitao ishara na muhuri.

Mimi Mluteri wa mto Tana,
wa chumba cha kukodi kilichopakana na kinu cha unga,
viti vya plastiki thelathini na viwili,
kopo la hostia zinazolegea kwa unyevu wa chumvi.
Nasema mkate ni mkate, unga wake u kidoleni,
na Bwana yumo, yu pamoja nao, yu chini yake.
Vipi, sijui. Mchungaji Komora naye hajui;
alikiri hivyo mbele ya watoto wa kipaimara,
siku hiyo nikampenda.

"Hujatoka kwa Papa, hujafika kwetu," Gathuku hunitania.
"Njia mbili zilimshinda fisi," Umazi huongeza,
akimenya muhogo.

Maro alikufa masika.
Homa siku tatu, wodi ya watoto.
Jumapili ya pili nilienda kanisani
kwa kuwa funguo ninazo mimi.
Imani sikuwa nayo. Nilipapasa mfukoni
nikakuta kipande cha chaki.
Kunyanyuliwa mbinguni sikutaka:
huko ndiko walikosema amekwenda,
na mimi na huko hatukuwa tukisemezana.

Komora akanifikia. Nilitaka kumwambia, niruke, leo sina kitu.
Akaniwekea ulimini, kama mgonjwa apewavyo dawa
bila kuulizwa kama anaiamini.
"Kwa ajili yako."
Kinu kikanguruma; kinu hakijui Jumapili.
Hostia ilikuwa laini, ina ladha ya kopo.
Angengoja moyo wangu ufunguke
angekuwa mlangoni hadi leo.

Nilimsimulia Gathuku. Akafuta miwani yake kwa muda mrefu.
"Asiye na imani hupokea mkate mtupu," akasema.
"Basi wewe ulikuwa nayo. Hukuijua tu."
Sikumjibu. Bado sijapata la kumjibu.
Umazi alitoa sadaka ya misa ya marehemu.
Kwangu mimi hakuna la kumwongezea mtoto;
yote yalikwisha lipwa.
Nikamsindikiza hadi mlangoni, nikamshikia mwavuli.

Jumatatu nimerudi ubaoni. Tazameni, watoto.
Hapa NI yasimama peke yake: mkate ni mkate.
Hapa imejificha mkiani: mkateni, kikombeni. Ndani.
Hapa yaamrisha wengi: njoni, twaeni,
hata anayenuna, hata aliyechelewa.
Na hapa, nikaandika polepole,
katikati ya kitenzi: a-me-NI-pa.
Huyo ni mimi. Lakini angalieni,
sifanyi lolote. Natendewa.

Kengele ikalia. Viti vikakwaruza sakafu.
Nyevu akabaki, kidole chake juu ya ile silabi,
vumbi la chaki likimshika.

"Amekupa nini, mwalimu?"