Mishale Miwili, Sikonge

Nimechora miduara mitatu chumbani Cheyo,
umeme ukikatika, ukirudi:
Mafunzo yaende kwa Imani, Imani iende kwa Mapato.
Warina asali wanaume mia moja arobaini,
wanawake mia moja na kumi na mmoja.
Kwao mshale wa mwisho ni nukta sita moja.
Kwa wake zao, nukta mbili mbili.

Msimamizi kaandika kutoka chuoni:
"Tofauti iko wazi. Sema mafunzo hayawafai wanawake."

Nikaifunga mishale kwa kamba moja,
nikailazimisha ilingane
kama maksai wawili chini ya nira.
Kai-mraba ikapanda kwa tisa na ushei
kwa digrii moja tu ya uhuru.
Kamba ikakatika.
Basi kweli, nikasema, si sawa.

Lakini Mihayo, aliyenisaidia kuhoji,
alikuwa ameandika kwa penseli
pembeni mwa dodoso la hamsini na nne:
*Huyu kacheka sana swali la saba.*

Swali la saba: Mapato yako ya asali msimu huu ni kiasi gani?

Nikapanda basi la Mpanda, nikashuka Ipole.
Kalunde alikuwa anakamua masega, nta hadi viwikoni.
Hakusimama.
"Mapato yangu? Ulitaka yapi?
Ya debe alilouza Msabila chamani, likaandikwa jina lake?
Mzinga ule niliutundika mimi, yeye kashika ngazi.
Au haya ya chupa za soda ninazouza kituoni,
ninayoyafunga kwenye pindo la khanga?
Mie nilikujibu ya khanga.
Na hata hayo sikukwambia yote.
Yeye kakujibu ya nyumba nzima,
na mimi nimo humo."

Nikarudi na vumbi hadi kwenye kope.
Nikaanza pale nilipopaswa kuanza:
si kwenye mishale, kwenye vipimo.
Je, swali lilibeba uzito uleule kwa huyu na kwa yule?
Halikubeba.
Kwa wanaume lilipima ghala,
kwa wanawake lilipima fundo.
Na mimi nimeweka pishi kando ya kibaba,
nikatangaza nani ana njaa.

Kigeu fiche, ndivyo vitabu vinavyokiita,
kile tusichokiona, tunachokikisia kwa majibu.
Sikujua vingine hufichwa kwa makusudi,
na aliyekificha ana sababu,
na sababu yenyewe ina watoto watatu shuleni.

Nimemjibu msimamizi: mshale mfupi siwezi kuulaumu bado.
Nipe msimu mmoja, nikaulize upya.
Akauliza, "Jedwali la nne libaki tupu?"
Libaki tupu.

Mezani kuna chupa ya soda,
asali nyeusi ya muyombo hadi shingoni.
Kalunde alikataa pesa.
"Na hii," akasema, "usiiandike popote."