Kisigino cha Nibaldo

Kiatu hakijui kusema uongo.
Nilimwambia avue, nikakigeuza chini juu kwenye taa:
kisigino cha kulia kimelika upande wa nje,
kisha mbele soli imelalia ndani,
imesagika kama kipande cha sabuni ya jikoni.
Miaka ishirini na tisa ya barua, akasema,
na ngazi za Valparaíso hazina idadi.

Nibaldo Oyarzo, tarishi wa posta.
Nilimsimamisha juu ya kioo, nikapiga magoti nyuma yake
na kwa penseli ya nyusi, hii hii ya Jumapili,
nikachora mstari kutoka mundi hadi kisigino.
Ulipofika kifundoni
ulikata kona, kama mtu aliyekumbuka deni dukani.

Tembea. Akatembea hadi mlango wa mwoka mikate.
Shwaa, tap. Shwaa, tap.
Wayo wa kulia ukibwagika chini wote,
goti likiufuata ndani,
nyonga ikilipa gharama.

Sponji ikapokea unyayo wake bila kubisha.
Nikamimina plasta, nikangoja.
Nje lifti ya kilimani ililia kwenye reli zake.
Mguu mweupe ukatoka, wa mtu asiyekuwapo:
nikauchonga pale upinde unapodai kushikwa,
nikauongeza ukingoni, nyama inapotanuka ikibeba mwili.
Digrii nne chini ya kisigino. Si tano.
Tano ni kiburi; goti lingekuja kunishitaki.
Bamba la plastiki likatoka tanurini
laini kama sopaipilla kabla haijaingia mafutani,
pampu ikafyonza hewa, umbo likashika.
Kisha koki, gundi, msasa,
na vumbi la koki ndani ya kahawa yangu.

Wiki ya tatu akarudi. Nikadhani ni lengelenge.
"Maumivu yamekwisha," akasema, akabaki
anaizungusha kofia. "Shida ni Herminda."

Herminda haoni. Tangu sukari imfumbe macho
humsikia mumewe akiwa bado ngazi ya sitini,
shwaa, tap, naye huwasha jiko.
Sasa anapanda mtu mwingine, mwenye hatua sawasawa,
hatua za daktari, hatua za mdai kodi.
Jumanne alimpokea na fagio mkononi.
Hata mbwa wa jirani, aliyekula mkate wa Nibaldo
tangu hajafumbua macho, alimbwekea.

"Nipunguzie," akasema. "Niachie hata nusu ya kosa."

Chuoni Santiago nilifundishwa pembe na uzito,
nguvu inapanda wapi na inashukia wapi.
Hakuna mtihani ulioniuliza
nani anasikiliza.

Nikakataa. Goti lile nimelishika mimi,
nimelisikia likikwaruza chini ya kiganja.
Akaniachia viatu, akaenda na ndara za kuazima,
nami nikakaa navyo pajani mpaka mwoka mikate akafunga.

Baba alikuwa fundi viatu. Kopo lake la biskuti
lingali rafuni, sijalifungua tangu mazishi.
Ndani: misumari, nta, uzi uliokauka,
na hilali za chuma za kupigilia visigino,
mtindo wa zamani, wa wanaume waliotaka wasikike.
Nikachukua moja.
Misumari mitatu, kiatu cha kulia tu.
Unene wake milimita mbili;
milimita mbili nikazikwangua kwenye koki ya ndani,
ili mwili usijue kitu
na sikio lijue.

Alipovijaribu sakafuni kwangu hakusema asante.
Alikanyaga, akasimama, akakanyaga tena,
akacheka kama aliyeokota funguo zake.

Sijawahi kufika kwao.
Ila saa moja jioni, ninapofagia,
kuna mtu anapanda ngazi nyuma ya karakana:
tap, kimya. Tap, kimya.
Goti limenyooka, nalijua bila kulitazama.
Namhesabia mpaka sauti inaisha.
Huko juu, nadhani, kiberiti.