Ukurasa wa Arobaini na Saba

Nyamizi aliingia darasani na karanga za mia mbili,
akazimwaga mfukoni, akaikunjua karatasi,
akainyoosha kwa kiganja juu ya dawati
kama anayepiga pasi kola ya baba yake.
"Mwalimu, mstari wa mwisho uko wapi?"

    Nimekaa kizingiti, nangoja hodi ya nani,
    Aniita kwa sauti, jina langu la zamani,
    Nafungua, simpati, ni upepo wa jioni,
    Kumbe

Hapo karatasi ilichanika.
Doa la mafuta, chumvi, ganda moja jekundu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kidato cha tano na cha sita,
mwaka wa kumi na moja huu hapa Tabora.
Naweza kukutajia sifa saba za mhusika mkuu
wa riwaya ambayo sikuimaliza.
Notsi zangu nilizinakili kwa mtu
aliyezinakili kwa mtu;
huko mwanzo kabisa, nadhani,
yupo mmoja aliyesoma kitabu.
Nikamjibu: "Hiyo haitoki kwenye mtihani."

Lakini walikwisha anza kuhesabu kwa vidole.
Kumbe, mbili. Zimebaki sita, halafu nane.
Kashindye, kule dirishani:
"Kumbe ni yangu chapati, inaungua jikoni!"
Walicheka mpaka mwalimu wa Jiografia akachungulia.
Nyamizi hakucheka.

Kesho yake walikwenda Isevya, tisa kwa idadi,
kwa yule mama wa karanga jirani na fundi redio.
Walitaka ukurasa wa arobaini na nane.
Wakapata wa kumi na mbili, wa tisini,
na wa themanini na moja wa kitabu kingine kabisa.
Karanga wakawagawia kidato cha pili.
Bwenini wakaziunga kurasa kwa selotepu,
wakagombana nani asome kwa sauti,
na matroni akaniletea kesi ambayo sijawahi kuipata:
wamenyang'anywa tochi saa saba usiku
kwa kusoma kitu kisicho na maswali mwishoni.

Ijumaa wakaniletea jalada.
Ndani, muhuri wa zambarau uliofifia:
jina la shule yetu.

Nikakumbuka. Likizo ya Desemba,
stoo ilitakiwa kwa viti vya plastiki vya mahafali.
Vitabu vilipimwa kwa mizani,
mizani ya chuma, siyo ya shairi,
vikauzwa kwa kilo.
Ilihitajika saini ya mwalimu wa somo.
Niliitia nikiwa nimesimama.
Sikufungua hata kimoja kuona kinaanzaje.

Jumatatu, kabla sijaingia, Nyamizi aliandika ubaoni:

    Kumbe wakati naketi, ndimi niliye njiani.

Nilishika chaki nimwekee tiki.
Sahihi kwa mujibu wa nani?
Nikairudisha chaki kwenye kopo.

Jioni nikaenda Isevya peke yangu.
Bi. Nyanzobe siku hizi anafungia karanga kwenye gazeti.
"Vile vitabu," nikasema, "nitavinunua vyote. Taja bei."
Akasukuma boksi kwa mguu. "Hivyo chukua.
Hiki hapana."
Kilikuwa chini ya kibakuli cha kupimia,
hakina jalada, kimevimba kwa mafuta ya vidole.
"Kina ukurasa wa arobaini na saba?"
"Huo niliuchana zamani, sijajua.
Nusu alifungiwa mtoto wa shule,
nusu ilipanda treni ya Mpanda na abiria. Najuta."
"Kwa hiyo mstari wa mwisho..."

Akalowesha kidole ulimini,
akageuza karatasi taratibu, isitoe sauti.
"Mwalimu, nipishe kidogo kwenye mwanga.
Sijafika mwisho."